Mti wa Baroni Hauna Mama

Kwa mdogo wangu Mejumaa, hapo Msambweni, nyumba iliyo nyuma ya kisima, kwa sauti ya mjukuu wetu Riziki atakayeisoma.

Salamu nyingi, nyingi kuliko vifuu vilivyolala uani kwako. Mimi ni mzima wa mwili, isipokuwa magoti, na magoti siyahesabu kuwa mwili, ni maadui niliozaliwa nao. Na wewe je? Mgongo umekuacha au bado unakudai? Jicho la kushoto? Na yule jogoo wako asiye adabu, bado anawika watu wakiwa wamesimama kwenye swala? Mchinje. Mwambie ni amri kutoka Ujerumani.

Riziki, shikamoo yako nimeisikia kabla hujaitoa. Marahaba, mama. Sasa soma polepole, kwa sauti, wala usiruke mstari. Nakujua wewe. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisomeshwa chuoni unaruka aya ndefu, unakuja kuniambia umekhitimu.

Barua yenu imenifikia. Niliinusa kwanza kabla ya kuisoma, watu wa huku wakaniona nanusa karatasi kama paka, wakatazamana. Mwandiko wako mzuri, Riziki, unapanda na kushuka kwa heshima, mpaka ulipofika penye habari yako mwenyewe. Hapo herufi zikajikunyata kama sisimizi waliomwagiwa maji, nikalazimika kuazima miwani. Lakini nimesoma na nimeelewa. Unamtaka Saidi, kijana wa Kinango, ambaye baba yake hupeleka ng'ombe mnadani. Kadhi amesema ni halali. Baba yako amesema ni halali. Wanaokataa ni wazee wa fuko letu, ukoo ule tuliotoka nao upande wa mama. Wanasema mama wa bibi yake Saidi, aliyemzaa mama yake, ni Mwanakombo, na Mwanakombo ni ndugu wa tumbo moja na Mwanaidi, bibi yetu mimi na Mejumaa. Basi ninyi ni fuko moja, na wa fuko moja hawaoani. Mkioana, koma za wazee, mizimu yao, zitakasirika na watoto hawatakaa. Wamesema hata hivyo watangoja neno la mjomba mkubwa, kwa kuwa ndiye peke yake aliyebaki anayeujua uzawa ule tangu shinani.

Mjomba mkubwa ni mimi! Ajabu ya Mungu. Nilipokuwa hapo nilikuwa siulizwi hata kama chumvi imetosha, na mimi ndiye mpishi.

Neno ninalo. Lakini nikiwapa hivi hivi mtasema mzee amepigwa na baridi kichwani. Nalo sikulitafuta, nimelipata katika nyumba hii ninamokaa, kwa njia ambayo nikiikumbuka natazama nyuma yangu. Basi nivumilieni niwahadithie.

Mejumaa, Baroni unamjua. Riziki labda humkumbuki. Ni yule Mjerumani mrefu wa nyumba ya mawe kule Diani, aliyekuwa akitembea pwani na mwavuli, akiwagombeza kaa. Alipoona bendera inataka kubadilishwa akauza nyumba, akafunga masanduku, akaniambia, "Bakari, tumbo langu halitaki mpishi mwingine, twende kwetu." Nami nikaenda! Wenzangu wote wanapokea Uhuru, mimi napanda meli kumfuata Mzungu kwao. Ndivyo nilivyoumbwa. Mimi hukinga ndoo mvua ikishapita.

Nilikuja na mbuzi yangu ya kukunia nazi, na huku nazi hakuna. Forodhani waliigeuza huku na huku wakidhani ni silaha, afande mmoja akayagusa meno yake akajikata, akatoa neno ambalo nililijua tangu ujana wangu nilipofanya kazi Tanga kwa Wajerumani. Nikamjibu kwa lugha yake kwamba mama yangu pia anamsalimu. Tukapatana.

Nyumba yenyewe ni ngome, juu ya kilima, katikati ya misonobari myeusi. Ni kubwa, ina vyumba ambavyo havijaingiwa na mtu tangu waliojenga watoke. Majira ya baridi jua hutoka limechelewa na kuondoka mapema, kama mgeni aliyekuja kwa kulazimishwa. Wakati ninyi mnaadhiniwa alasiri, mimi nawasha taa. Tunaokaa humu ni watatu, Baroni, dada yake mzee Hedwigi ambaye hakuolewa, na mimi. Nilidhani ni watatu.

Kazi ya Baroni tangu turudi ni moja tu, kutafuta nani alimzaa nani. Ukuta mzima wa ukumbini umechorwa mti, na kila tawi lina ngao, na kila ngao ni ukoo. Kuna wa Simba, kuna wa Mwewe, kuna wa Samaki, kuna wa Funguo. Hao ni wafalme na makabaila wa zamani sana, wa enzi za watu kuvaa chuma, nao walikuwa wakioana wao kwa wao mpaka wakachanganyika kama nyuzi za mkeka. Baroni hukaa na makaratasi yake akiufumua mkeka huo. Dada wa mfalme wa Simba aliolewa kwa watu wa Samaki. Binti yake akaolewa kwa watu wa Funguo. Na binti wa huyo, ndivyo anavyosema Baroni, akaletwa kwenye ngome hii kuolewa na mpanda farasi aliyeianzisha. Basi kwa mwanamke huyo mmoja tu, Baroni wangu anayekoroma akinywa supu ni jamaa wa nusu ya wafalme waliokufa. Akimkosa huyo mwanamke, ni mzee mwenye nyumba inayovuja.

Nilimuuliza siku moja nikimletea kahawa, "Bwana, mbona mti wako wote una ndevu?"

"Una nini?" Kiswahili chake ni cha kitabu, lakini anaelewa.

"Naona baba, baba, baba. Mama zenu wako wapi?"

"Mama huandikwa, Bakari, akiwa na baba mkubwa."

"Na asiye na baba mkubwa alizaa nini? Mayai?"

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika juu ya watu wa Samaki. Siku zile alikuwa bado anacheka.

Akanichukua kunionyesha. Chini ya ngome kuna kanisa dogo la nyumbani, na sakafuni pana jiwe la kaburi lenye umbo la mwanamke amelala chali. Ndiye huyo aliyeletwa. Uso wake umefutika. Watu wamemkanyaga wakienda kusali, karne kwa karne, mpaka pua, macho na mdomo vikaisha, pakabaki bapa kama kinu kilichopinduliwa. Jina pia limefutika. Kilichobaki ni mikono, na miguu. Makabaila wengine mle wamevikwa viatu hata kaburini. Huyu miguu yake mitupu, vidole vimetanuka kama vya mtu aliyekwenda masafa marefu juu ya mawe.

Baroni akapiga jiwe kwa fimbo yake taratibu, kama mtu abishaye hodi. "Huyu ndiye mlango wangu wa kuingia kwa wafalme."

Mejumaa, wewe unajua mimi ni mtu wa maskhara hata mazikoni. Lakini zile nywele zangu chache zilizobaki zilisimama zote.

Tangu hapo nikawa nasikia. Nipo jikoni mchana, nasikia mtu anatembea ujiani bila viatu, anasimama, anatembea, anasimama. Nikitoka, hakuna. Nikasema ni panya. Kisha nikasema ni panya mwenye visigino. Siku ya Hedwigi kuja jikoni kutaka supu yake iliyochelewa, alinitazama usoni, akavuta kiti akakaa.

"Umemsikia," akasema.

"Nani, bibi?"

"Usijifanye. Kila mpishi akimsikia huanza kuchelewesha supu."

"Anataka nini?"

"Anahesabu milango. Tangu nilipokuwa mtoto. Anafika wa mwisho, anarudi wa kwanza. Kuna mtu anamtafuta nyuma ya mmojawapo."

"Na ndugu yako hamsikii?"

Akachukua mkate, akaumega. "Ndugu yangu anamtafuta vitabuni. Angenyamaza kidogo angemsikia ngazini."

Basi akaja mgeni, mwanachuoni mwenye masharubu yaliyolowa. Baroni alikuwa amemtuma kwa watawa fulani wenye hati za kale, amletee ushahidi wa mwisho kwamba mama wa nyumba hii ni binti wa watu wa Funguo. Nilipika bata. Nilikuwa nahudumu mezani, na Kijerumani changu cha Tanga, ingawa kina matundu, hakikuvuja siku ile.

Mwanachuoni alikula, akala tena, kisha akasema, "Mheshimiwa, nimempata. Ila hakuwa binti wa kabaila. Alikuwa ametolewa."

"Ametolewa vipi?"

"Kama zawadi. Bwana mmoja aliwapa watawa shamba, na kinu cha maji, na huyu mwanamke. Hata mpanda farasi aliyemuoa hakuwa muungwana. Wapanda farasi wengi wa nchi hii walianza hivyo, watu wa mabwana wao, wamevikwa chuma na kupewa upanga, wala hawana ruhusa ya kuhama wala kuoa bila kuomba. Na mtoto alifuata hali ya mama yake."

Nikaliweka bakuli mezani. Mtoto anafuata mama! Kumbe hata hawa walikuwa na fuko! Nilitaka kucheka, nikataka kumwambia Baroni karibu nyumbani, shemeji. Lakini nilimwona uso nikaumeza mzaha wangu mzima mzima.

"Na watoto wake?" Baroni akauliza.

"Waligawanywa. Mama alikuwa wa watawa, baba alikuwa wa bwana mwingine, basi mabwana wakagawana. Wa kwanza akabaki ngomeni, wa pili akachukuliwa na watawa, wa tatu akabaki. Wa nne alikuwa wa kike, na haikuandikwa alikopelekwa."

Hedwigi akaweka kijiko chini. Alinitazama mimi, nami nikajua anachokiwaza. Milango.

Baroni akafuta mdomo vizuri sana, akasema, "Basi si huyo. Ni mwanamke mwingine."

"Kaburi ni moja, Mheshimiwa."

"Tutapata mwingine."

Mgeni aliondoka bila kungoja kahawa. Baroni akaagiza ngazi na rangi, akapanda mwenyewe na miguu yake ile ya kutetemeka. Pale penye shina palipokuwa na nafasi tupu ya jina la mama, akachora ngao ya Funguo, akampa yule mpanda farasi mke ambaye hajawahi kuwako, binti wa mtu mkubwa, mwenye damu ya mfalme, na chini akaandika jina zuri. Nilikuwa nimemshikia ngazi. Rangi ilidondoka mkononi kwangu, ya dhahabu, na haikutoka kwa sabuni.

Ndugu zangu, tangu siku ile nyumba hii haikukaa kwa amani.

Asubuhi tukiamka tunaikuta milango yote i wazi, hata iliyofungwa kwa funguo zilizopotea. Baroni akaacha kukaa ukumbini, na akikaa anaupa ukuta mgongo. Akaanza kusahau. Kwanza majina ya wafalme, aliyoyajua kama sisi tunavyoijua Fatiha. Kisha la dada yake. Jana yake ya siku ninayotaka kuwaeleza, aliniita akanishika mkono, mkono wa baridi kama samaki wa jana, akaniuliza, "Bakari, kwenu mtu asiye na mama huitwaje?"

"Huitwa jini, bwana," nikamwambia. Nilitaka acheke. Hakucheka. Akasema, "Ndiyo," akaniachia mkono.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nimejilaza kidogo kwenye benchi la jikoni karibu na moto. Sikulala. Naapa kwa Mwenyezi Mungu sikulala, nilikuwa nawaza vitunguu. Nikasikia mbuzi yangu ya nazi inalia. Unaijua sauti ile, Mejumaa, mti ukilalamika mtu anapoukalia. Niliinua kichwa. Mwanamke alikuwa ameikalia, amenipa mgongo.

Nilidhani ni yule wa kanisani. Nikasema moyoni, maskini, wamemfuta ukutani, amekuja kukaa kwa mpishi, na mpishi ndiye rafiki wa waliofukuzwa. Nikamtolea salamu. Kisha nikatazama vizuri nikaona jambo lililonikata maini. Alikuwa ameikalia mbuzi sawasawa. Amekaa upande, mguu mmoja umetangulia, goti limeshikilia ubao, kama wanavyokaa wanawake wa kwetu. Mjerumani hajui kuikalia mbuzi. Hedwigi alijaribu akaanguka. Na chini ya miguu yake, juu ya mawe ya jikoni, palikuwa na vumbi. Huku nje ni theluji tupu, vumbi litoke wapi? Nalo lilikuwa jekundu, Mejumaa. Jekundu la Kinango.

Nikamjua kwa mabega. Nikaita, "Bibi? Bibi Mwanaidi?"

Hakugeuka.

Mimi naujua wajibu wangu, ingawa mwalimu wa chuoni akisikia atanipiga bakora. Astaghfirullah. Nilichota maji, nikamwaga kidogo penye kizingiti kama alivyokuwa akifanya mama, nikasema, "Mwanaidi, mama wa mama yetu, maji haya ni yako, ukae kwa amani, usitusumbue." Nikalitaja jina lake tena na tena. Alikaa vile vile kama jiwe, kama mtu anayesikia mwingine akiitwa.

Basi likanijia lile jina jingine. Halijatoka kinywani mwangu tangu nilipoambiwa. Ulimi ulikuwa mzito kana kwamba nimeuazima. Nikalisema.

Akageuka.

Mnajua ushujaa wangu wote uko mdomoni. Nilijifunika uso kwa aproni, nikatetemeka humo ndani kama kuku katika kikapu. Nilipofunua, mbuzi ilikuwa tupu. Vumbi lilikuwapo. Nimelifagia kwa mikono yangu.

Sasa, Riziki, nyamaza kidogo. Funga mlango wa uani. Mwambie bibi yako aweke chini huo ukili anaosuka, akae karibu nawe. Kisha soma kwa sauti ya chini.

Mejumaa, bibi yetu hakuwa Mwanaidi. Mjomba wetu aliniambia nilipokuwa kijana, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimrithi kusema mambo ya fuko, akanionya, "Hili ni la kujua, si la kusema." Ulikuwa mwaka wa njaa. Kule Kinango mifugo ilikuwa imekwisha, watu wanachimba mizizi. Mtu mmoja akashuka pwani na binti yake, akafika Gazi kwenye nyumba ya mama yake Mwanakombo. Akapewa mtama. Akamwacha binti, rehani, akasema, "Mvua ikinyesha nitakuja kumkomboa." Jina la binti lilikuwa Umazi.

Mvua ilinyesha. Baba hakurudi. Pengine alifia njiani. Pengine aliona haya. Pengine alifika nyumbani akawatazama waliobaki, akaona mtama hautoshi kuwalisha hao na kumkomboa yeye.

Watu wa Gazi hawakuwa wabaya, nataka mlijue hilo. Hawakumuuza. Walimketisha mkekani na Mwanakombo, wakawalisha bakuli moja, wakasema tangu leo ninyi ni tumbo moja. Wakamwita Mwanaidi, na wakapiga marufuku jina lile la zamani lisisikike, ili asiwe na kovu. Akakua, akaolewa, akamzaa mama yetu. Unakumbuka alivyokuwa akikaa ameipa bahari mgongo, ametazama bara? Unakumbuka kila walipopita watu wa Kinango na ng'ombe wao, aliacha kazi, akaenda njiani, akawatazama usoni mmoja mmoja, wanaume wazee hasa? Na sisi watoto tukimcheka, tukisema bibi anatafuta mchumba. Mimi ndiye nilikuwa nikicheka kwa sauti kuliko wote.

Basi neno la mjomba mkubwa ni hili. Umazi na Mwanakombo walikula bakuli moja, hawakulala tumbo moja. Wala hawakunyonya ziwa moja, kwa maana Umazi alishuka Gazi meno yake yote yameota. Riziki na Saidi hawana damu ya pamoja hata tone, na koma za wazee hazina la kukasirikia. Waoane.

Najua bei yake. Nimeipima kuliko nilivyowahi kupima chumvi. Mkiwaambia wazee hivyo, mmewaambia kwamba sisi sote, wewe, binti yako, Riziki, na mimi mwenye mdomo huu, ni uzao wa rehani. Patakuwa na wa kusema minazi unayoila ni ya fuko, na ninyi si wa fuko. Patakuwa na wa kunong'ona kisimani. Na wewe ndiye utakayenong'onewa, si mimi. Mimi niko mbali, ulimi wangu mrefu na mgongo wangu uko salama. Hilo linaniuma, na sina mzaha wa kulifunika.

Waambie hivi wakianza. Mtu hawezi kulishwa undugu leo, kesho akaambiwa atapike. Bakuli lile lilikuwa la haki, na minazi ile mama yetu aliipalilia. Watasema Bakari anataka kula huku na kula huku, ndoa aipate na minazi aipate. Kweli nataka! Tangu lini nikakataa sahani ya pili? Lakini wakishikilia kwamba ni moja tu, waache wachukue minazi. Mnazi unapandwa. Bibi hapandwi.

Mtaniuliza kwa nini nisinyamaze tu, Riziki atafutiwe mume mwingine, dunia ina wanaume tele na wengi wao hawana kazi. Nitawajibu kwa sababu nakaa ndani ya jibu. Huyu Baroni alikuwa na mama, akamwona haya, akapaka rangi ya dhahabu juu yake. Sasa mama huyo anazunguka milango, na hakuna wa kumwita atulie, kwa kuwa hakuna katika dunia nzima ajuaye jina lake. Hedwigi hushuka kanisani kila alasiri na mshumaa, anakaa karibu na lile jiwe, anajaribu majina. Anataja hili, anangoja. Anataja lile, anangoja. Nimemsikia kutoka ngazini. Wamebaki hivyo, kizee mmoja na jiwe. Wetu ana jina, na linajulikana na mtu mmoja tu, mwenye magoti mabovu, katika nchi ya baridi. Nikifa nalo, ataanza kuhesabu milango yenu.

Riziki, barua hii usiisome kwa bibi yako peke yake. Wakija wazee, waketishe, wape kahawa, kisha simama uwasomee wewe mwenyewe tangu salamu mpaka jina langu. Sauti ikikatika, meza mate, endelea. Watakuita mjukuu wa rehani, pengine siku yenyewe ya harusi yako. Kama Saidi ni mwanamume atakuwa amesimama karibu. Kama hayupo, basi fuko limekuokoa kwa njia nyingine, nawe nishukuru.

Na sadaka ya harusi ikitolewa, litajwe jina lake la kwanza, lile alilopewa na baba yake kabla ya mtama, na watu wote waitikie.

Nisalimie Zainabu, mama wa bibi harusi, mwambie asilie mbele ya wageni, analia vibaya. Nisalimie baba wa Riziki, mwanamume mwema asiyejua kununua samaki. Nisalimie jirani yako wa upande wa kisima, yule mjane, mwambie bado niko sokoni. Nisalimie wazee wa fuko, mmoja mmoja, kwa heshima zao zote, wala sisemi kwa dhihaka. Mwalimu wa chuoni mpe salamu, ila pale penye maji ya kizingitini mruke. Hapo tu, Riziki, nakupa ruhusa ya kuruka.

Mungu akijaalia nitarudi kabla miguu haijakata shauri lake. Asipojaalia, nisomeeni hitima, na muanze na aliyetangulia.

Ni mimi kaka yako,
Bakari,
mwana wa Mwanasha,
mwana wa Umazi wa Kinango, aliyeachwa Gazi kwa mtama.